Vipande Vitatu vya Kukagua

4 Machi

Dada yangu,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yameacha kelele. Huku tunaendelea. Wifi yako anakusalimu, na anasema safari hii usisahau kumjibu.

Nina kazi mezani na nahitaji macho yako. Shule iliyo ng'ambo ya barabara inafungua ukumbi mpya tarehe thelathini Mei. Mwalimu aliyeianzisha ni marehemu, na enzi zake alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Imebaki picha moja tu, amesimama na watoto wa darasa la kwanza kabisa, imepigwa kwa simu ya zamani ya kubonyeza. Mwalimu mkuu wa sasa anaitaka iwe na upana wa mita mbili, ikae ukutani mbele ya ukumbi. Nikamwambia itawezekana. Unanijua, mdomo wangu unakwama kwenye maneno yote isipokuwa "itawezekana."

Nikueleze shida kwa lugha ya kiwandani kwenu. Picha ya kompyuta ni kama kitambaa, ila imefumwa kwa vitone. Hii ina vitone mia sita na arobaini tu kwa upana. Ukiivuta mpaka mita mbili, kila kitone kinakuwa na milimita tatu, kama punje ya mtama. Programu lazima ijaze nafasi, na kila moja ina njia yake.

Namba moja inarudia kila kitone kilivyo. Haidanganyi, lakini kingo zote zinakuwa ngazi ngazi, shavu la mtoto unadhani limepangwa vigae. Namba mbili inachanganya kitone na majirani zake, inatafuta wastani. Ngazi zinapotea, lakini unaingia ukungu, kama unatazama kupitia chandarua. Namba tatu ni programu mpya niliyopakua mwezi jana. Imesomeshwa kwa mamilioni ya picha za watu wengine, kwa hiyo pasipo na kitu inaweka inachodhani kingekuwapo. Kwenye skrini inapendeza mno, unaona mpaka nyuzi za sweta.

Nimechapa kipande kile kile kwa njia zote tatu, kwa ukubwa wa mwisho: bega la mwalimu na msichana mwenye sweta. Namba nimeandika nyuma. Viweke mezani, vikague kama unavyokagua jora, uniambie niende na ipi. Wewe umekaa miaka ishirini na sita kwenye meza ya ukaguzi ukitafuta uzi uliokatika. Mimi nimekaa miaka tisa nikikata picha za pasipoti. Nani ana macho?

Usinipigie simu. Kwenye simu picha zote ni nzuri, na ulimi wangu unaujua.

Halafu punguza karatasi, dada. Barua yako ya mwisho ilikuwa kurasa nne kwa habari ya ukurasa mmoja. Umeanza kuandika kama waziri?

Mdogo wako,
Kasuku
(jina ulilonipa wewe, ukijua kabisa sisemi maneno matatu bila kukwama, Mungu anakuona)


11 Machi

Kasuku wangu,

Bahasha imefika, dereva wa basi la vifurushi aliileta mpaka getini kiwandani, haikukunjika hata pembe. Mwambie wifi nimemjibu: nampenda, na yule kuku wake anayetaga nje ya kiota amfungie.

Nimevikagua vipande vyako. Niliviweka juu ya meza yangu ya kazi wakati wa mapumziko. Namba moja hapana. Ngazi ngazi, shavu lote vigae, kama ulivyosema. Namba mbili ina ukungu, ni chandarua kweli. Namba tatu ndiyo yenyewe. Sweta limekaa vizuri, nyuzi unazihesabu moja moja. Nenda na namba tatu, usisite.

Kazini tunamshukuru Mungu. Wametuwekea taa mpya chini ya kioo cha meza, kali kupita kiasi, zinakupiga machoni mpaka kisogoni. Mama Pacha, yule mwenzangu wa meza ya pili, amepatwa. Jora moja limerudishwa na mteja, uzi umeruka urefu wa mkono mzima, na msimamizi amempa barua ya onyo. Analia chooni ili watu wasimwone. Namwombea kila siku.

Karatasi usinihesabie. Kalamu yangu ni nene, na kazi ya Mungu haina ubahili.

Dada yako


23 Machi

Dada,

Nimekaa siku mbili kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo nisamehe kama bado nina joto.

Nilichapa namba tatu kwa neno lako. Turubai zima la mita mbili, mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwalimu yule mimi sikumjua akiwa hai. Niliona uso safi, nikashukuru. Mwalimu mkuu akaja, tukaitandika sakafuni maana meza haikutosha. Akazunguka upande huu, akazunguka upande ule. Akauliza, "Fundi, huyu ni nani?"

Nikamwambia ni mwalimu wenu.

"Miwani yake iko wapi?"

Kumbe marehemu alivaa miwani ya waya mwembamba. Kwenye picha ya asili ule waya ni vitone vinane au tisa vya kijivu. Programu ikadhani ni makunyanzi, ikampiga pasi. Ikamzidishia na nyusi. Mwalimu mkuu hakufoka, na upole wake ndio ulioniumiza. "Nusu ya wazazi watakaokaa pale walifundishwa naye," akasema. "Watanicheka." Amenipa mpaka wiki ya mwisho ya Mei.

Hilo ni kosa langu, sikulinganisha na picha ya asili. Lakini sikiliza la pili. Nilipofunga duka nikatoa vipande vyangu, kwa sababu nilichapa seti mbili, moja yako moja yangu. Nikavipanga dirishani. Namba moja ukungu. Namba mbili ukungu. Namba tatu ukungu! Nikakumbuka siku ile kaunta ilijaa watu wa pasipoti, mimi nabonyeza tu "chapa, chapa," na faili iliyo wazi sikuibadilisha hata mara moja. Nilichapa njia ya pili mara sita, nikaandika namba tofauti mgongoni, nikatia kwenye bahasha bila kutazama. Ulivyopokea vilikuwa kitu kimoja.

Sasa dada, vigae uliviona wapi? Nyuzi ulizihesabu zipi?

Ungeandika tu "sina nafasi wiki hii," ningeelewa. Niliomba macho yako, ukanirudishia maneno yangu mwenyewe.

Kasuku


28 Machi

Mdogo wangu,

Una haki. Nilikuwa na haraka, nikavipitia juu juu, nikajibu ili nimalize. Kazi zimekuwa nyingi. Nisamehe kwa ajili ya Mungu, na uniombee radhi kwa mwalimu mkuu.

Turubai lililoharibika usilitupe, wifi atafunikia kuni.

Usinitumie tena vitu vya kukagua. Tafuta mtu mwenye nafasi.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Barua yako ya kuomba radhi haifiki maneno sitini, nayo imekula karatasi mbili, mbele na nyuma.

Leo duka limefungwa. Nimetoa kopo ninamoweka barua zako, nikazipanga juu ya kaunta kwa tarehe, kama ninavyopanga picha za kulinganisha. Nikachukua rula. Nimepima herufi moja tu, ile "a" ndogo. Barua za mwaka juzi, milimita tatu. Ile uliyoandika wifi alipokuwa mgonjwa, nne. Za mwishoni mwa mwaka jana, sita. Ya tarehe kumi na moja Machi, tisa. Hii ya radhi ni kumi na moja, na mistari yake inapanda kulia, inagongana, neno "Mungu" umeliandika juu ya neno jingine.

Mtu mwenye haraka haandiki hivyo. Mtu mwenye haraka anaandika vidogo na kukata mikia.

Nimekaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, nikajiona mjinga. Kazi yangu ni kuangalia kitu kinavyokuzwa, na barua zako zimekuwa zikikua mkononi mwangu miaka miwili huku mimi nikikutania kuhusu waziri.

Katika barua iliyopita nilikuwa na hasira, sina tena. Nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa habari za kazi nyingi wala kalamu nene.

Dada, unaona?

Kasuku


12 Aprili

Kasuku wangu,

Sioni.

Yaani naona, lakini si kuona. Ni kama maziwa yamemwagwa juu ya kila kitu. Jicho la kulia limekwisha kabisa, linajua mchana na usiku basi. La kushoto linanisaidia kukiwa na kivuli. Mbele ya taa za ile meza ni weupe mtupu, mtu akisimama upande wa pili namjua kwa sauti.

Nilivyokujibu ni hivi. Barua zako nazisoma kwa kile kioo kidogo cha kuhesabia nyuzi, nakisogeza juu ya karatasi herufi kwa herufi. Barua yako moja inanichukua mchana mzima wa siku ya mapumziko. Nilisoma ulivyoeleza zile njia tatu, nikavishika vipande nikaviweka juani, nikaona rangi ya sweta tu. Nikasema, mdogo wangu ameshanieleza kila kimoja kikoje, mimi nitamrudishia. Na ya tatu uliisifu mwenyewe. Nikajua unataka nikubali.

Sasa nikwambie lililo zito zaidi, kwa sababu kama sikulisema leo sitalisema. Lile jora lililorudishwa halikuwa la Mama Pacha. Lilipita mezani kwangu. Mwaka huu wote nakagua kwa vidole. Uzi uliokatika ukiwa na fundo naupata, ila uzi ulioruka hauna fundo, vidole havijui. Mama Pacha siku ile alinisaidia kulifunga, akagonga muhuri wake kwa sababu wangu sikuuona ulipo. Akapewa onyo yeye. Mimi nikakaa kimya, nikamwombea. Fikiria hilo, Kasuku. Namwombea mtu juu ya mzigo niliomtwika mimi.

Kila asubuhi niliomba nirudishiwe macho bila mtu kujua. Hiyo nimeona si sala, ni kujificha. Lakini hospitali naogopa, nisikufiche. Unamkumbuka mama mdogo. Alikwenda kwa miguu yake akisema anaona kidogo kidogo, akarudi ameshikwa mkono mpaka alipofariki. Mimi ndiye niliyekuwa namshika. Kidogo ninachoona kwa jicho la kushoto nakijua, sijui watakachoniachia.

Na nikisema kiwandani, nani ataweka mkaguzi kipofu? Sina kazi nyingine ninayoijua.

Hasira zako nilizipokea kwa furaha, ukitaka kujua. Bora uniite mvivu.

Dada yako


15 Aprili

Dada yangu,

Nakuandikia kwa wino mweusi wa bango na herufi za sentimita mbili, ili kile kioo upumzike nacho. Kwa hiyo maneno ni machache.

Nimepiga simu hospitali ya macho. Mimi. Kwa mdomo huu. Kwenye neno "mtoto wa jicho" nilikwama mpaka wifi yako akataka kuninyang'anya simu, nikamzuia. Muuguzi wa upande wa pili alisubiri. Akasema, "Endelea tu baba, sina haraka." Miaka arobaini na nne, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwenye simu.

Nilimweleza kuhusu mama mdogo. Akauliza alikaa muda gani kabla ya kwenda. Nikasema miaka tisa. Akasema, "Huyo dada yako asikae tisa."

Siku yako ni tarehe sita Mei. Nitakuja tarehe tano, nitakushika mkono kwenda, na kurudi vilevile.

La kiwandani sitakusemea. Ningeweza, lakini ningekwama, na lile ni la kwako. Mwambie msimamizi kabla sijafika.

Nakuja na vipande. Safari hii nimevitazama.

Kasuku


21 Mei

Kasuku wangu,

Nilisubiri siku zipite ndipo niandike, daktari alikataza kuinama. Dawa za matone naweka mara nne kwa siku, binti wa jirani ananihesabia, ingawa siku hizi chupa naisoma mwenyewe.

Ulipoondoka uliniacha na plasta kwenye jicho la kulia walilolifanyia upasuaji. Nikueleze ilipotolewa kabisa. Nilitazama kwanza mikono yangu. Mdogo wangu, nimezeeka! Mishipa imejaa, na kidole gumba kina kovu ambalo sijui nililipata lini. Nikatazama ukuta wa chumba changu, nao unahitaji rangi tangu zamani, na mlikuwa mnaingia na kutoka hakuna aliyeniambia. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, magoti yakapiga kelele, nikacheka peke yangu.

Msimamizi nilimwambia siku moja kabla hujafika, ila sikukusimulia kwa sababu ningelia. Nilisimama mbele yake na Mama Pacha pembeni yangu, nikasema lile jora ni langu na onyo ni langu. Msimamizi aliniangalia muda mrefu, au nadhani aliniangalia. Ile barua ya Mama Pacha ameichana, akaandika yangu. Nimetolewa kwenye ukaguzi, niko stoo ya kufungia majora mpaka jicho la pili lifanyiwe, kisha watanipima upya na huenda nisirudi mezani. Nimekubali. Niliporudi kazini, Mama Pacha hakuniongelesha siku nne. Ya tano alikuja stoo na chai mbili, akasema, "Kunywa, mwongo wewe." Basi tumekaa hivyo.

Sasa kazi yako. Nilianza na vile vipande vya Machi, nilikuwa nimevihifadhi chini ya godoro. Nikavipanga dirishani kama ulivyofanya wewe. Kasuku, ni kitu kimoja! Hata mtoto mchanga angeona. Nimeona aibu mpaka masikioni, halafu nikaona na yako: kwenye namba mbili umeacha alama ya kidole chako, ya wino. Tulikuwa wawili siku ile.

Halafu nikachukua vile vinne ulivyoniachia, vyenye uso wa mwalimu. Nilivibandika ukutani nikarudi nyuma hatua sita, maana wazazi watakaa mbali, hawatanusa picha. Namba moja inaumiza hata ukiwa mlangoni, vigae vitupu. Namba mbili ni laini mno, mwalimu anaonekana ametoka usingizini. Namba tatu ni nzuri kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote: ule uso haujawahi kuishi. Na sweta la msichana limetiwa misuko ambayo kwenye picha ya asili haipo. Nimetazama kwa kioo cha nyuzi, ni sweta la kawaida la shule.

Namba nne, ile uliyoikuza kidogo kidogo kwa hatua, ukaikaza kingo kwa mbali na kuinyunyizia chembechembe, ndiyo yenyewe. Ukisogea karibu utaona haina mengi. Ukisimama hatua sita, miwani ipo. Si miwani hasa, ni kivuli cha waya juu ya pua, lakini jicho linaijua. Kilichokosekana umekiacha kikosekane. Chapa hiyo, na safari hii nakwambia nimeona.

Ukiitundika, mwambie mwalimu mkuu akae kiti cha mwisho kabisa kabla hajasema neno.

Barua hii ni karatasi moja, mbele na nyuma, nayo ina habari kuliko zote za mwaka huu. Chukua rula yako, upime "a".

Dada yako